Kumtafuta Kaka Ukerewe

Mimi si mtu wa maji. Nilizaliwa upande wa Shinyanga, mahali ambapo mvua ikikawia watu hawana habari nyingine ya kuzungumza, na maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba niliwahi kwenda kisiwani Ukerewe kushindana kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote asubuhi moja, hucheka kwanza. Namwacha acheke. Aliyeitwa kwenye mbio zile hakuwa mimi, alikuwa kaka yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni na sukari vilikuwa vya kutafuta. Padri wa misheni yetu alipata habari kutoka kwa padri mwenzake wa kisiwani kwamba kutakuwa na mbio za namna hiyo, na kila parokia iliyotaka ingeweza kupeleka kijana mmoja. Kwetu hakukuwa na mjadala. Kaka alikuwa akipakia gunia la pamba kwenye baiskeli, akapanda mlima nalo bila kushuka. Mbio za miguu alikuwa nazo tangu utoto wa kuchunga. Kuogelea alianzia kwenye lambo, akamalizia ziwani, kwa sababu kila masika yakipita alikwenda Geita kuchimba dhahabu, na huko alipata marafiki wa Kizinza waliokuwa wakimchukua ziwani siku za Jumapili.

Alizisema mbio zile mpaka tukachoka. Jioni akirudi shambani alikaa karibu na mama jikoni na kumweleza jinsi atakavyotoka majini, jinsi atakavyoruka juu ya baiskeli. "Mayu," alimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "nikishika barabara pale, hakuna atakayekuwa mbele yangu." Mama alimjibu kwamba chungu hakichemki kwa maneno, achochee moto. Lakini nilimwona akitabasamu.

Kisha akaenda Geita kwa muda mfupi, atafute nauli na raba za kukimbilia. Baiskeli yake aliiacha nyumbani kwa sababu machimboni huibwa. Mvua zilikuwa hazijaisha vizuri. Duara walilokuwa wakichimba, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, liliporomoka asubuhi watu wakiwa ndani. Wengine walitolewa, wengine hawakutolewa, kwa sababu kila walipoondoa kifusi ukuta ulizidi kuanguka na ikaonekana wataongeza maiti. Mwisho wakaacha. Walisimama juu ya udongo ule, mmoja wao akasali, wakatawanyika.

Waliotuletea habari walikuwa vijana wawili waliochimba naye. Mama aliwakaribisha, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mlimwona akiingia?"

Wakatazamana. Mmoja akasema asubuhi ile yeye aliamka amechelewa. Wa pili akasema ilikuwa zamu ya kaka, lakini kwa macho yake hakumwona akishuka.

"Basi hamjui," mama akasema, akaenda kuwatafutia chakula.

Kuanzia siku hiyo hakulia. Kwetu msiba una mwanzo na mwisho: maiti huzikwa, watu hulala matanga, siku ikifika wafiwa hunyolewa nywele na maisha yanaendelea. Baba alikwishafariki zamani, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuja na wazee wa ukoo. Walishauri zizikwe nguo za kaka badala ya mwili, ili tunyolewe. Mama alikataa. Alisema hawezi kuzika shati la mtu ambaye huenda bado analihitaji. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye na nikawakasirikia wao, na zaidi nilimkasirikia kaka aliyetuacha hivyo, bila mlango wa kuingilia kwenye kilio wala wa kutokea. Usiku chakula chake kilibakizwa. Asubuhi nilikuta mama amewapa kuku.

Siku za mbio zilipokaribia aliniita. "Nenda wewe," aliniambia. "Chukua baiskeli yake. Kama alitoka kwenye shimo lile akaona haya kurudi mikono mitupu, atakuwa amekwenda huko. Unajua alivyokuwa anapataka."

"Mayu, mimi sijui kuogelea."

"Unavuka lambo."

"Navuka kama ng'ombe."

"Vuka hivyo hivyo. Ukishapanda baiskeli, tazama waliotangulia. Kama yupo, atakuwa mbele. Yule hakubali kumfuata mtu."

Padri hakuwa na neno. Jina la kaka lilikwishapelekwa kisiwani, akasema nikimbie kwa jina hilo na yeye ataeleza baadaye. Mke wangu alinifungia michembe, vile viazi vikavu vya safari, na baiskeli ikafungwa juu ya basi mpaka Mwanza, kisha ikaingizwa melini pamoja nami. Humo melini niliishika usukani kama mtu aliyeshika mbuzi mnadani. Meli ilipoondoka nchi kavu niliona maji pande zote, nikafunga macho. Mama mmoja mwenye makapu ya machungwa aliniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia sijui. Akanimenyea chungwa.

Kisiwani palikuwa pazuri, na uzuri ule uliniumiza. Mihogo ilikuwa imestawi mpaka mlangoni mwa nyumba, miamba mikubwa imekaa juu ya miamba mingine, na upepo wa ziwa haukomi. Niliwaza kwamba kama mtu ametoroka aibu, hapa angekaa. Jioni ya kufika nilizunguka kwenye madarasa ya shule tulimolazwa, nikiangalia sura moja moja. Walikuwepo vijana wa kila upande wa ziwa, wameketi juu ya mikeka wakipaka mafuta minyororo ya baiskeli. Kuuliza si ujinga, nikamuuliza mwalimu wa michezo aliyesimamia kama amefika kijana mwingine kutoka kwetu.

"Kutoka kwenu ni mmoja tu," alisema. "Si ndiwe?"

Asubuhi tulipangwa ufukweni, kila mmoja na kitambaa cha namba kifuani. Mwalimu alianza kuita majina. Alipolifikia la kaka akalisoma kwa sauti. Nilijua ni mimi ninayetakiwa kujibu. Niligeuka nyuma, nikatazama wale vijana, kisha wale watu waliosimama pembeni kutazama, nikangoja mtu aseme. Mwalimu akaliita tena. Mkono wangu ulipanda wenyewe. "Nipo," nikasema.

Ya majini sitasema mengi. Maji ya lambo hutulia, ukiyasukuma yanasukumika. Ya ziwa yanakusukuma wewe. Niliogelea kichwa kikiwa juu kama nilivyozoea, nikameza mawimbi, nikasikia watu kwenye mtumbwi wa ulinzi wakisema yule Msukuma anatafuta ng'ombe wake. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa mpaka miguu ikagusa mchanga. Nilikuwa karibu wa mwisho. Nilitapika maji, nikashika baiskeli ya kaka, nikapanda.

Hapo nikawa nyumbani. Barabara ilikuwa ya mchanga na kokoto, ya kupanda na kushuka, na mimi nilikuwa nimekulia kwenye njia kama ile na mzigo nyuma. Sikuwa nashindana. Nilikuwa natafuta. Kila nilipomfikia mtu nilikaa ubavuni mwake, nikainama kidogo nimwone uso, kisha nikampita. Wengine walidhani ninawadharau. Mmoja alinitukana, nikamwambia samahani ndugu yangu, nikaendelea. Kila mgongo niliouona mbali ulikuwa mgongo wa kaka mpaka niukaribie. Kulikuwa na mmoja mwenye mabega mapana aliyekanyaga kwa kisigino, namna ile ile ya kaka, nami nikamwita. Akageuka. Alikuwa na ndevu na meno ya mbele hana.

Aliyeongoza nilimfikia juu ya kilima. Nilimwona akipanda kwa kusimama juu ya pedali, nikasema huyu ndiye, hakuna mwingine, nikakaza mpaka mapaja yakawaka. Nikawa sambamba naye. Alikuwa kijana wa pale pale kisiwani, mdogo kuliko mimi, jasho limemjaa usoni. Akanitazama na kunichekea vizuri, kama mtu aliyefurahi kupata mwenzake njiani. Sikuweza kumrudishia. Nilimpita, na mbele yangu barabara ikawa tupu.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na nimezika watu wengi, lakini sijaona kitu kilichokuwa kitupu kama barabara ile. Watu pembeni walinishangilia, wakaniita Mwanashinyanga. Niliendelea kukanyaga kwa sababu miguu haikujua kitu kingine cha kufanya. Nilikuwa nimewatazama wote. Kaka hakuwemo, na sasa nilijua alipo.

Nilipoteremka kwenye bonde ndipo nilipowaona watu wa msiba. Walikuwa wanakuja kwa mguu kutoka njia ndogo, wanaume mbele na jeneza mabegani, wanawake nyuma wamejifunga vitenge kiunoni, na katekista akiongoza wimbo. Kwetu ukikutana na maiti njiani unashuka. Hata uwe na haraka gani, hata uwe na mgonjwa nyuma ya baiskeli, unashuka, unavua kofia, unasimama mpaka wapite. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo kwa maneno; nililikuta miguuni mwangu. Nikashuka na kusimama ukingoni, kaptula imelowa na namba kifuani.

Yule kijana wa kisiwani alifika, akapunguza mwendo, akafanya ishara ya msalaba, akapita. Wengine nao wakapita. Sikuwalaumu, kila mtu na alivyolelewa. Mimi nilikuwa nimekwishaweka baiskeli chini, na jeneza liliponifikia nilimwona mzee mmoja amechoka, bega limeshuka. Nikaenda nikaingiza bega langu.

"Kijana, wewe ni wa upande gani wa ukoo?" mzee akaniuliza.

"Ni mpita njia, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mpita njia haachi baiskeli yake majanini."

Nikalikaza bega chini ya jeneza. Akaniachia nafasi, akatembea pembeni yangu. Kwetu mtu akishatia bega kwenye jeneza harudi kabla ya udongo, kwa hiyo mbio zangu ziliishia hapo, na nilijua hivyo wakati naweka bega. Mwanamke mmoja wa makamo alinitazama nilivyo, akafungua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni ili nisiende makaburini nusu uchi. Hakuniuliza lolote.

Marehemu alikuwa bibi kizee. Niliyajua hayo kaburini, watoto na wajukuu wake walipopangwa mstari kutia udongo. Walikuwa wengi, na walilia vizuri, bila kujizuia. Walipomaliza, yule mzee akanigusa mkono: nami nitie. Nilichukua udongo. Ulikuwa mchanga laini, mkavu juu na wenye unyevu chini. Kwetu tunaamini anayezikwa anaweza kutumwa, akapelekewa salamu wale wa huko. Niliinama nikamwambia yule bibi, kwa sauti, maana sikuweza tena kusema polepole, kwamba kuna kijana wetu ametangulia na hakupata mtu wa kumsindikiza. Nikamtaja jina lake na jina la baba yetu. Nikamwambia, bibi, ukimkuta mpokee, ni mtoto wa watu.

Nilidhani wangenishangaa. Lakini katekista alilirudia jina la kaka polepole, apate kulisema sawasawa, akamwombea pumziko. Makaburi yote yakaitikia amina. Nilikaa chini pale pale nikalia, na wale wageni wakaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Niliporudi tulikoanzia, mbio zilikuwa zimekwisha zamani. Mwalimu wa michezo alinigombeza kwamba nilikuwa naongoza. Nilimwambia ni kweli. Ile sehemu ya tatu, ya kukimbia, sijaikimbia hadi leo.

Nyumbani nilimkuta mama uani anapepeta mtama. Nilimwamkia, akaitikia, macho yake yakapita begani mwangu kutazama njia niliyojia. Kisha akarudi kwenye ungo.

"Uliwatazama?"

"Niliwatazama wote, mayu. Mmoja mmoja."

"Mpaka wa mbele?"

"Mpaka wa mbele. Nikampita. Baada yake hapakuwa na mtu."

Aliendelea kupepeta. Nikamweleza habari ya yule bibi, jeneza, kitenge, na udongo jinsi ulivyokuwa. Nilipofika kwenye maneno niliyoyasema kaburini, mikono yake ikasimama.

"Ulimtaja kwa jina?"

"Nilimtaja."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, mayu. Wakamwombea. Wakaitikia."

Aliweka ungo chini. Akafungua kitambaa cha kichwani, akakaa mavumbini akinyoosha miguu mbele, na akaanza kulia kwa sauti, akimwita mwanawe. Nilikwenda nikakaa kando yake. Kilio kilivuka ua, kikafika kwa majirani, na haukupita muda wanawake wakaanza kuja kutoka kila upande, mwingine na kuni kichwani, mwingine na unga, mwingine na mkeka wa kulalia. Hakuna aliyeuliza amekufa nani.