Kuosha Mara ya Nne

Maabara nzima tulimwita Mama Chupa, naye aliitika bila kununa. Miaka ishirini na mbili alituoshea chupa, akatujazia toluini, kile kiyeyushi chenye harufu kali, akatukemea tukisahau glavu. Shahada hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo moja, natafuta ya pili, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Shahada hiyo ya pili ilikuwa ndani ya kichupa kimoja: chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho, zinaelea katika toluini, rangi yake nyekundu iliyokolea, kama dhahabu inavyokuwa ikiwa ndogo hivyo. Miezi minane ya kazi, na dhahabu ya kuanzia upya haikuwepo. Kilichobaki ni kuzisafisha mafuta yaliyozifunika. Unatia spiriti, unazungusha kwenye mashine mpaka chembe zikae chini, unamwaga cha juu, unatia toluini mpya, unatikisa, wekundu unarudi. Hapo umeosha mara moja. Mimi nilishaosha mara tatu. Asubuhi ile niliona kichupa kimepungua, nikalaumu kifuniko kwamba kinavujisha.

"Hapo basi, mwanangu," Mama Chupa aliniambia. "Hayo mafuta unayoyaita uchafu ndiyo nguo yao. Ukizivua zote zitang'ang'aniana, na hazitaachana tena."

Nikamjibu, kwa adabu ya uongo, kwamba vipimo bado vinaonyesha mafuta na profesa anataka dhahabu safi. Moyoni nikasema, muosha chupa atanifundisha nini mimi. Sikio la kufa halisikii dawa. Alipotoka kwenda kula, nikaosha mara ya nne.

Nilitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Toluini ilibaki haina rangi, chini limekaa tope jeusi. Nikakaa sakafuni, mtu mzima na koti langu jeupe, nikalia.

Mama Chupa aliporudi alikitazama kichupa. Akafungua kabati la glavu, akatoa kichupa kingine, chekundu, kina jina langu kwa mwandiko wake.

"Nilikupunguzia kutoka kichupa chako asubuhi kabla hujafika. Ni kidogo, lakini kwa vipimo kinatosha."

"Ulijuaje kama nitakaidi, Mama?"

"Nilikuwa mwanafunzi hapa hapa, meza hii hii. Nikaosha mara moja zaidi. Wakanipa chupa za kuosha wakati nasubiri dhahabu nyingine ije."

Nilishindwa pa kutazama. "Na wewe nani alikuwekea?"

"Hakuna," akasema, akanikabidhi kichupa. "Shika kwa mikono miwili."