Mitupo Juu ya Mpunga

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani Kulesa, kando ya mto Tana, nikiwa na shahada, sina kazi, na nina tabia ya kuuliza "nani kasema?" kila nilipoambiwa jambo. Niliuliza msikitini, nikauliza kwenye baraza la chifu, nikauliza mezani mpaka baba akaanza kula mapema ili tusikutane. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba binti wa shangazi yangu ameitwa kwenye kambi ya timu ya taifa ya mpira wa kikapu, swali langu la kwanza lilikuwa hilo hilo.

"Kocha kasema," akajibu mwenyewe, akiinama ili apite mlangoni kwetu.

Alikuwa amekuja likizo fupi. Mbele yao kulikuwa na mashindano ya ubingwa wa Afrika kwa timu za taifa za wanawake, na kambini Nairobi waliitwa wasichana wengi kuliko wale watakaosafiri. Baada ya likizo wangerudi, wajaribiwe mara ya mwisho, halafu wengine waambiwe asanteni. Kocha wao, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa amemwambia usoni kitu kitakachomrudisha nyumbani: mitupo huru. Mchezaji akichezewa vibaya, hupewa mpira, husimama mstarini peke yake na kuutupa kikapuni bila mtu kumzuia. Kwa mtu wa urefu wake, kila mtu alidhani hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

"Si rahisi," aliniambia. "Nikikosa mmoja, mkono unakuwa wa mtu mwingine. Nakosa wa pili, wa tatu, mpaka nitolewe. Kocha anasema hawezi kusafiri na mtu anayekufa kila akikosea."

Kijijini kwetu ringi ilikuwa moja tu. Miaka ya nyuma mwalimu fulani aliomba kusimika mlingoti pembeni mwa sakafu ya saruji ya mradi wa mpunga, ile wanayoanikia, kwa sababu hapakuwa na sehemu nyingine iliyo sawa na ngumu. Hapo ndipo binti wa shangazi alipojifunzia. Asubuhi ya kwanza tulikwenda na mpira, mimi nikiwa mtu wa kumrudishia. Tukakuta sakafu yote ni ya dhahabu. Kina mama walikuwa wamevuna na kuanika, na walikuwa wameigawa sakafu kwa vipande vyembamba virefu, sawasawa na mashamba yetu yanavyotoka mtoni kwenda bara, kila nyumba na ukanda wake. Baina ya kanda walikuwa wamelaza kamba za miyaa.

Shangazi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Nikamwendea kwa hoja.

"Shangazi, hii sakafu ni mali ya kijiji kizima. Na matumizi ya mali ya umma—"

"Msomi," akanikata, "kijiji kizima ndicho hicho unachokikanyaga."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama katikati ya mpunga wa mtu. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Walikuwa na sababu, na sababu hiyo sikuweza kuivunja. Nyumba moja ilipanda mbegu ya kunukia, nyingine ya kuuza, nyingine ile nyekundu ya zamani. Mpira ukianguka hutawanya punje, zinaruka kamba, mbegu zinachanganyika, na mwakani mtu anapanda asichokijua. Binti wa shangazi alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, siitaki sakafu. Nataka pa kuweka miguu yangu pale mstarini, na yeye pa kusimama chini ya ringi. Mpira utapita juu."

"Na ukianguka?"

"Utakapoanguka, huyo mwenye ukanda nitamgeuzia mpunga wake wote."

Kugeuza mpunga ni kazi ya jua kali. Unavuta reki ya mbao kutoka mwanzo wa ukanda hadi mwisho, unarudi, unavuta tena, ili punje za chini zije juu zikauke. Bibi mmoja mwenye ukanda ulio karibu na mlingoti aliinua kichwa.

"Umesema wote?"

"Wote, bibi."

"Basi mpeni nafasi mtoto huyu. Na uangukie hapa, mama, mgongo wangu umekufa."

Wakasogeza mpunga kidogo huku na huku, tukapata visiwa vyetu viwili. Ukiingia, mpira ulinishukia mikononi, nikamrushia. Ukigonga chuma, ulirukia kwenye mpunga wa watu, na sikuruhusiwa kuufuata; mwenye ukanda ndiye aliyenirudishia. Siku ya kwanza alishika reki zaidi ya alivyoshika mpira.

Na kina mama wakagundua raha. Kila mmoja sasa alikuwa na sababu yake ya kuomba akose. Alipoinua mikono, walianza.

"Mkono huo ni wa kupakulia pilau, si wa mpira!"

"Reki nimeshakuwekea, njoo tu mwanangu!"

"Mchumba wako yule anapita! Kavaa shati la kuazima!"

Niliona wanamharibia. Nilimwambia jioni nitazungumza nao, kwamba mazoezi yanahitaji utulivu, kwamba nimesoma hivyo. Akaniuliza, "Nani kasema?"

Siku zilivyokwenda niliona kitu nisichokiamini. Akikosa, hakusimama kuukodolea macho mkono wake. Alifuata ukanda, akavuta reki, akataniana na mwenye mpunga, akarudi mstarini akipumua kama mtu aliyetoka kuteka maji. Mtupo uliofuata uliingia kana kwamba ule uliokosekana ulitupwa na mtu mwingine. Nilijiambia ni bahati. Nilipanda ngazi nikaishika ile ringi, nikaitikisa, nikitafuta kama imelegea au imepinda kwa upande unaomsaidia. Ilikuwa imenyooka. Bibi wa karibu na mlingoti aliniuliza kama huko juu nimeona kazi.

Halafu mto ukaja. Kwetu hapakuwa na wingu hata moja, mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, lakini mvua ya nyanda za juu, mbali mno na sisi, ilikuwa imekwisha kuteremka. Tana iliamka ikiwa na rangi ya kahawia nzito, ikabeba migomba mizima mizima, ikatoka kitandani mwake polepole bila kelele. Sakafu na nyumba zetu zilikuwa kwenye mwinuko, zikabaki kavu. Barabara ya kwenda Minjila, tunakopandia magari ya Nairobi, ikazama. Nilikwenda kusimama pale lami inapoingia majini na nilishindwa kuondoka. Hapakuwa na wimbi wala mngurumo, ni maji tu yaliyokuwa yanapita juu ya barabara yakiangaza jua, mapana mpaka macho yanachoka.

Jaribio la mwisho Nairobi lilikuwa siku iliyofuata. Hakuna gari lililotoka wala kuingia.

Alimpigia kocha. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia yote. Kocha akasema kukimbia kwake amekuona, kuzuia kwake amekuona, amebakiza kitu kimoja tu. Kesho asubuhi ampigie kwa video, asimame kwenye mstari, atupe, na simu isikatwe mpaka yeye mwenyewe aseme.

Asubuhi hiyo kina mama walikuja na maturubai na magunia, tayari kuuondoa mpunga ili apate sakafu nzima. Shangazi alikuwa ameshawaamuru. Binti yake akakataa.

"Uacheni mpunga ulivyo. Na msininyamazie."

Mimi nilikaa kwenye kisiwa changu chini ya ringi. Shangazi alishika simu, sauti ikiwa juu tukaisikia wote.

"Mama, toa kidole, naona giza," kocha akasema.

"Nimetoa."

"Bado."

"Hicho cha pili sikukijua." Akageuza simu. "Sasa?"

"Sasa namwona. Aanze."

Wa kwanza uliingia. Wa pili ukaingia. Kelele zikapanda, reki zikagongwa sakafuni, mchumba wa shati la kuazima akatangazwa kupita mara kadhaa.

"Mama, hao ni mashabiki wake?"

"Hapana, kocha. Wanaomba akose."

"Kwa nini?"

"Wana kazi wanataka awafanyie."

Mipira iliendelea kunishukia, mmoja baada ya mwingine, haigusi chuma, mpaka viganja vyangu vikazoea pale pa kusubiri na sikuhitaji kuvisogeza. Sijui ni lini kelele zilipoanza kupungua. Aliyekuwa akipiga reki aliisahau mkononi. Bibi wa mgongo alisimama wima, nikamwona kwa mara ya kwanza alivyo mrefu. Nilikuwa nimeketi katika kumbi za mihadhara nikawasikiliza watu mashuhuri, na sikupata kusikia ukimya kama ule wa wanawake walioacha kutaka kitu walichokitaka kwa dhati. Mpira ulipanda, ukasimama kidogo juu ya mpunga wa watu wote, ukashuka.

Kisha mmoja ukagonga chuma. Ukaruka juu, ukaangukia ukanda wa bibi, punje zikarushwa mpaka miguuni pangu.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alishika simu kwa mikono miwili. Nilijua sisi sote tunasubiri kitu gani, na kocha pia alikuwa anakisubiri.

Binti wa shangazi alitoka mstarini, akachukua reki.

"Anakwenda wapi?" kocha akauliza.

"Anageuza mpunga."

"Sasa hivi?"

"Umeangukia kwa mtu, kocha. Ndivyo tulivyokubaliana."

Nilitaka kumpigia kelele aache, kwamba mwanamke huyo ana timu ya kuchagua na haji kutazama kilimo. Sikupiga. Alivuta reki mpaka mwisho wa ukanda, akarudi, bibi akimnong'oneza jambo lililomfanya atabasamu. Hakuharakisha. Aliporudi, alipangusa viganja kwenye suruali, akaupokea mpira kwangu, akautupa.

Uliingia. Ukafuata mwingine, na mwingine, na mwingine tena.

"Mama," sauti ya kocha ikasema, chini kidogo kuliko mwanzo. "Kambini, huo mmoja aliokosa ungemwangusha. Inatosha. Mtafutie njia ya kutoka huko. Nasafiri naye."

Shangazi aliuliza, "Umesema?" ingawa sote tulisikia. Kocha akarudia. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilirusha ndege waliokuwa wakivizia mpunga, wakatoka mitini kwa mkupuo mmoja. Mwenyewe alikaa chini mstarini, akafunika uso kwa ncha ya kilemba chake, na mama yake akaenda kuketi karibu naye, mpunga ukiwaingia kwenye nguo.

Tulimvusha kwa mtumbwi hadi upande ulio mkavu, magoti yake yamekunjwa mpaka kifuani kwa ufinyu, chini yetu barabara ninayoijua tangu utoto.

Ninapoandika haya mashindano hayajaanza. Wako kambini, na jezi wameshapewa. Nilikwenda mjini Garsen kwa mwenye kibanda cha kuonyesha mipira, nikamwomba atuonyeshe mechi yao ya kwanza, akaniambia siku hiyo ana mechi ya Ulaya na hawezi kupoteza wateja. Nikampa hoja zangu, zote nzuri. Akazikataa. Shangazi akaenda mwenyewe kesho yake na kina mama wake kadhaa. Sijui walimwambia nini, lakini nafasi tumepata, mistari miwili ya mbele. Tangu hapo silali vizuri. Najiona nimekaa pale, yeye yuko mstarini katika nchi ya watu, mpira uko juu, na bado haujashuka.