Aliyekalia Mpini wa Pampu

Juzi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Katindiuka, nilimkuta mama wa kamati ya maji ameukalia mpini aliouchomoa kwenye pampu ya kisima.

“Mama, turudishie mpini, nina kichanga nyumbani,” alisema mwanaume mmoja.

“Ndiyo maana nimeukalia. Mafuriko yalikifunika kisima, leo tumetia dawa. Kesho tutayapampu maji hayo yote tuyamwage, ndipo mtakunywa. Leo chemsheni ya mtoni.”

“Kuni sina.”

“Miguu si unayo?”

Watu wakacheka. Jamaa akaenda kutafuta kuni.

Miaka yote ya mafuriko kamati ilibandika tangazo la kukataza kuchota pale kisimani. Watu walilisoma huku wakichota, na watoto wakaharisha. Safari hii hakuna aliyechota. Tangazo halina makalio.