Kidoa Kilichokosa Msemaji

Nikisema kazi yangu ni kutafuta vumbi, Tunduma wananicheka. Siwalaumu. Malori yamepanga foleni kwenda mpakani, kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye chumvi, halafu binti wa muuza mchele anakuja kusema amesomea kutafuta vumbi lingine huko mbinguni. Aliyezidi ni baba. Wateja wake Wazambia wakiingia na salamu zao za "mulishani", anawaitikia vizuri, kisha ananionyesha kwa kidevu: "Huyu mwanangu, vumbi la hapa halijamtosha."

Huwa nanuna kidogo, kwa sababu kazi hii naipenda. Ziko galaksi za mbali mno ambazo zinazaa nyota kwa fujo, lakini zimejifunika vumbi lao wenyewe. Darubini ya kawaida ikielekezwa huko haioni kitu. Mwanga wa nyota unamezwa na vumbi, vumbi linapata joto kidogo, na joto hilo linatoka kama mawimbi yenye urefu usiofika milimita moja, ambayo jicho haliyaoni. Ni kama makaa ambayo mama ameyafukia kwenye majivu: ukitazama unaona majivu tu, ukisogeza kiganja unajua moto upo. Darubini yetu iko juu ya mlima mkavu, nchi ya mbali, maana unyevu wa hewani huyazuia mawimbi hayo. Mimi sijawahi kufika huko. Napokea ramani za anga kwa mtandao na kuzichambua nikiwa nyumbani.

Ramani hizo zimejaa chenga, kama za televisheni isiyoshika mawimbi, na galaksi hafifu inafanana kabisa na chenga. Kwa hiyo kikundi chetu kina utaratibu wake. Vidoa vya mwanga vyenye nguvu vinapita vyenyewe. Kidoa hafifu lazima kipate mtu wa kukisemea kikaoni kwa mdomo wake, mbele ya wenzake, akiwa tayari kubeba aibu kikija kuonekana ni chenga tupu.

Mwaka huo nilikuwa na kimoja. Niliigawa data sehemu mbili nione kama kitapotea, kikabaki pale pale. Nikaigawa kwa namna nyingine, kikabaki pale pale. Wenzangu walikiangalia wakaguna. Mwalimu wangu wa chuo kikuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniambia: "Kama unakiamini, njoo ukisemee mwenyewe. Vitakavyopita ndivyo vitakavyoelekezewa darubini kubwa. Kisichopita kinafutwa, hatukirudii." Sijawahi kukitaka kitu kama nilivyotaka kidoa kile kipite. Nilikuwa nimeanza hata kukiombea dua, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Kikao kilikuwa saa tisa alasiri. Nyumbani umeme ukakatika, nikachukua kompyuta nikaenda dukani kwa baba, hatua chache tu kutoka mpakani, ambako kifaa chake cha intaneti kina betri. Baba akafukuza wapiga soga wote, akasema leo binti yake ana mkutano na wakubwa wa dunia. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa mbovu, nikaifunga ili isiishe, nikakaa juu ya gunia nikipitia hoja zangu kimoyomoyo na kuchungulia saa kwenye simu.

Sasa, mtu wa Tunduma anajua. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikiwa karibu na mpaka inanasa mnara wa kule, inarudisha saa nyuma yenyewe bila kukuuliza. Ndiyo maana hapa hupokei miadi kabla hujauliza, "Saa ya wapi?" Hata watoto wa chekechea wanauliza. Mimi nimezaliwa pale, swali hilo nimeliuliza maisha yangu yote, na siku ile sikuliuliza.

Adhana ya alasiri ikasikika.

"Baba, mbona leo wameadhini mapema?"

Alikuwa anakunja mikono ya kanzu aende kutawadha. "Mapema wapi, mwanangu? Si hii saa kumi inaingia?"

Simu yangu ilisema saa tisa inaingia. Ilikuwa inanisomea saa ya Zambia. Nilifungua kompyuta, nayo ikajivuta kama kawaida yake, na nilipoingia kikaoni watu walikuwa wanaagana. Mwalimu aliniona, akasubiri wengine watoke.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

Akaendelea taratibu: "Kilipofikiwa waliuliza nani anakisemea. Nikaomba wakiruke kwanza, tukimalizie mwishoni. Mwisho ukafika hujatokea."

"Si ungekisemea wewe?" Nilisema kwa hasira, na hakustahili.

"Ningesema nini? Mimi sikiamini. Anayekiamini ni wewe."

Akaniambia orodha imeshatumwa, nijipe moyo, akakata. Nililia pale pale dukani, mtu mzima, bila kujificha. Mama mmoja aliyekuja kununua mchele alinitazama, akaweka mfuko wake chini, akanipa pole ya msiba. Nikaipokea.

Baba aliporudi kutoka msikitini hakuhitaji kuniuliza kama kimepita. Alikaa karibu yangu. Alikuwa hajawahi kuniuliza jambo lolote la kazi yangu bila mzaha ndani yake. Siku ile aliuliza kwa upole kabisa.

"Huo mwanga wake, mwanangu, ulisafiri muda gani hadi kutufikia?"

"Ulitoka huko dunia haijaumbwa, baba."

Akatikisa kichwa. "Na wewe ulikuwa unatokea wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa," nikamwambia. "Nimekaa, nasubiri saa ifike."