Matone Sita kwa Kila Jicho

Halikuwa jua. Naomba nianze na hilo, kwa sababu kwa miezi mitatu nimewaambia watu wa nyumbani, majirani, akina mama wa kanisani na hata fundi wangu wa nguo (ambaye hakuniuliza) kwamba siku ile nilipoanguka mbele ya wakwe ni jua lililonipiga, na kila niliyemwambia amenitazama kwa huruma na kunyamaza, kwa sababu siku ile, kama ilivyo kawaida ya Kakamega saa nane mchana, mvua ilikuwa inanyesha kwa fujo juu ya mabati kiasi kwamba wageni walikuwa wanaongea kwa kupiga kelele.

Nilijiangusha mwenyewe. Kwa dawa ya macho.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu, nina digrii mbili, nafundisha chuo cha walimu, na huandika makala gazetini nikiwashauri watu nisiowajua jinsi ya kuishi vizuri. Katika kusoma kwangu kote sikuwahi kuisoma ile karatasi nyembamba inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Mwaka jana daktari aliniambia nina glakoma, presha ya macho, ule ugonjwa unaokula uwezo wa kuona taratibu kuanzia pembeni, bila maumivu na bila kupiga hodi, akanipa kichupa kidogo na kuniambia tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, kila siku. Nikasema ndiyo daktari. Kwenye fomu walipouliza kama natumia dawa nyingine nikaandika hapana, ingawa vidonge vya presha ya damu vilikuwa ndani ya mkoba wangu wakati ule ule nikiandika (mwanamke akiandika magonjwa mawili kwenye karatasi moja anaanza kufanana na mzee). Kisha nikarudi nyumbani na kukificha kichupa ndani ya mkebe wa zamani wa biskuti, chini ya vifungo na nyuzi.

Kwa nini nilikificha? Kwa sababu mama yangu mzazi alimaliza miaka yake akitembea kwa kushika ukuta, na sisi tulisema ni uzee. Daktari aliponiambia kwamba ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo, nilimfikiria binti yangu Metrine, ambaye mwezi huo huo alikuwa ameniambia kuna kijana anaitwa Wycliffe, fundi wa umeme kutoka Navakholo, na kwamba watu wake wangependa kuja. Nanyi mnajua kwetu ziara ya kwanza ya wakwe si ya kula tu. Watu wanakula ingokho, kuku wetu wa kienyeji, wakiwa wanakagua. Wanaangalia choo, wanaangalia jinsi baba wa nyumba anavyoongea na mkewe, na zaidi ya yote wanatafuta kama kuna ugonjwa wa ukoo. Nikajiambia: waje, wale, waondoke, halafu macho yangu yatajulikana baadaye, labda baada ya mjukuu wa pili.

Wiki ya ziara nilipaka rangi sebule, nikaazima vikombe, nikagombana na wifi yangu, ambaye watoto wanamwita Senje, yaani shangazi, Rispa nasi sote tumeiga, kuhusu nani atachinja kuku na wangapi. Katika pilikapilika hizo, kuanzia Jumatano jioni mkebe wa biskuti sikuufungua kabisa. Niliukumbuka Jumamosi yenyewe, saa saba na nusu, wageni wakiwa wameshaketi sebuleni, mimi nikiwa chumbani nabadilisha nguo. Nikahesabu kwa vidole. Jumatano jioni, Alhamisi mara mbili, Ijumaa mara mbili, leo asubuhi. Mara sita! Na Jumatatu nina miadi ya kupimwa presha ya macho. Basi mwalimu wa walimu akafanya kile ambacho amewakataza wanafunzi wake kwa miaka ishirini na mitano: kutaka kusoma muhula mzima kwa mkupuo mmoja. Nikaketi kitandani, nikainua uso, nikaweka matone sita jicho la kulia, sita la kushoto, nikapepesa kwa nguvu ili dawa iingie vizuri, nikapangusa yaliyotiririka kwa leso. Nilijisikia mtu mwadilifu sana.

Sasa kuna jambo la desturi. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai kochi moja, na kama njia ni nyembamba mmoja anaingia kwenye majani. Senje Rispa alitaka nikae jikoni mpaka wageni waondoke. Lakini mimi nilikuwa nimeandika hotuba ya makaribisho, kurasa tatu, yenye utangulizi, na singekubali ifie jikoni. Tukakubaliana nisimame kwenye mlango wa jikoni, na kijana aketishwe upande wa pili wa chumba, meza ikiwa katikati.

“Mwalimu,” Senje akaninong'oneza nikiingia, “soma haraka. Chakula kinapoa.”

Sikusoma haraka. Nilisimama pale, bila kitu tumboni tangu chai ya asubuhi, na kidonge changu cha presha ndani, nikaanza. Ukurasa wa kwanza ulienda vizuri. Ukurasa wa pili miguu yangu ikawa mizito kama ya mtu anayetembea kwenye matope ya shamba la miwa, vidole vikawa baridi, na moyo, ambao kwa kawaida hunidunda nikiwa mbele ya watu, ukawa unapiga polepole, kwa uvivu, kama karani wa ofisi saa kumi Ijumaa. Nikasema, “Ndugu zangu, undugu ni...” nikanyamaza. Wageni walidhani ni mbwembwe za hotuba. Mzee Ainea, baba mdogo wa kijana na msemaji wao, hata alitikisa kichwa kukubali kwamba undugu kweli ni.

Aliyejua kwamba naanguka ni Wycliffe peke yake. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba shuleni alikuwa kipa. Wanasema aliruka meza bila kugusa sahani hata moja, akajinyoosha, akanidaka kabla kichwa hakijafika sakafuni, na tukatua pamoja, mimi juu ya mikono yake, kurasa tatu za hotuba ndani ya mchuzi wa kuku.

Kama ingeishia hapo ningevumilia. Lakini nilipofungua macho, huku ukungu ukiwa umetanda, niliona uso wa mwanamume juu yangu, nikadhani ni mume wangu. Nikanyoosha mkono. Nikampapasa shavu. Nikamwambia, kwa sauti ambayo mvua ilichagua dakika hiyo hiyo kupungua ili kila mtu asikie, “Umenyoa ndevu lini, mpenzi?”

“Mungu wangu!” Senje Rispa akasema. “Mtoe! Mtoe kwa mkwe!”

Kijana wa watu alibaki amenishika vile vile, hajui kama kuniachia ni kosa kubwa kuliko kunishika. Mume wangu (mwenye ndevu) akanichukua, wakaninywesha maji ya sukari, Metrine akanipepea kwa trei. Kisha Mzee Ainea akakohoa, akauliza kwa upole ule wa mtu anayeuliza jambo zito.

“Pole sana, mama. Hii kuanguka... huwanga inakuja mara kwa mara?”

Tulijua anauliza kifafa (ambacho hata kingekuwepo kisingekuwa aibu, lakini nenda ukawaelezee watu waliokuja kukagua). Hapo ndipo ningesema ukweli. Matone, mzee, niliyazidisha. Neno hilo lilifika kwenye ulimi wangu, likamkuta mama yangu ameshika ukuta, likarudi.

“Ni jua tu,” nikasema.

Mzee Ainea akageuka, akatazama mvua dirishani kwa muda mrefu.

Jumatatu nilienda kliniki, na sista akanipima macho, kisha akashika kifundo cha mkono wangu na kuhesabu mapigo mara mbili kana kwamba haamini. Akaniuliza kama nimewahi kusikia kizunguzungu. Nikamweleza, kwa kuwa hakuwa mkwe wangu.

“Sita?” akasema. “Mama, jicho lenyewe haliwezi hata kubeba tone zima. Mengine unafikiri yanaenda wapi?”

Sikuwa nimefikiri yanaenda popote. Akanieleza kwamba pale kwenye kona ya jicho, upande wa pua, kuna tundu dogo ambalo machozi hupitia, na dawa hupita hapo hapo hadi puani, ikaingia kwenye damu, ikafika moyoni, na dawa hii yangu ni ndugu wa zile zinazopunguza kasi ya moyo. Ndiyo sababu wanauliza kuhusu pumu, kwa sababu inaweza kumbana mtu kifua mpaka akose pumzi, na kuhusu moyo, na kuhusu vidonge vingine. “Na wewe uliandika hapana,” akasema huku akitazama fomu yangu, kisha mkoba wangu. Akanifundisha kama mtoto wa chekechea: tone moja, funga jicho bila kupepesa, bonyeza ile kona kwa kidole dakika mbili. Ukisahau na wakati wa lingine umekaribia, liache lililopita lipite, usilifidie. Na usiache dawa kwa hasira, maana jicho halirudishi kilichopotea. Daktari alipoviona vidonge vyangu alibadilisha mpango mzima, nami nikarudi nyumbani nikiwa na ukweli mkamilifu, ambao sikumpa mtu.

Kwa miezi mitatu Navakholo walinyamaza. Ziara ya pili haikutajwa. Senje Rispa, ambaye huendanga huko siku za soko, akarudi na habari.

“Wanasema kwa hiyo nyumba watu wanaangukanga. Wanasema wacha tukae kidogo.” Akaniangalia. “Mimi niliwaambia ni vitabu.”

Jioni hiyo, kabla jua halijazama (hili la kweli), nilimkuta Metrine ameketi kwenye ngazi ya nyuma akichambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Hakulia. Aliniuliza tu, “Mama, ulikuwa na nini siku ile? Wycliffe ananiuliza, sina la kumwambia. Niambie hata kama ni kibaya.” Na mimi niliyekuwa namkinga dhidi ya ugonjwa wa bibi yake nikaona kwamba kitu kinachomharibia maisha ni kinywa changu, macho hayajamfanya lolote. Nikaingia ndani, nikaleta mkebe wa biskuti, nikaufungua mapajani mwake. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye hesabu ya matone akajiziba mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika, na kwa kweli alikuwa anacheka.

“Piga simu,” akasema. “Sasa hivi. Kwa mama yake.”

Nikaapa palepale, mbele ya sukuma wiki, kwamba sitaandika tena hapana kwenye fomu ya hospitali na sitalificha jicho langu kwa mtu. Kisha nikapiga. Metrine akaweka spika. Nilimweleza Mama Wycliffe kila kitu bila utangulizi, glakoma, mama yangu na ukuta, vidonge, kichupa, nikamwambia kwamba halikuwa jua. Kuku wake walisikika simuni.

“Mama Metrine,” akasema mwishowe. “Ngoja kwanza. Uliweka mangapi?”

“Sita.”

“Kwa macho yote?”

“Kila jicho.”

Kisha ukatoka mlio niliodhani ni simu kuharibika, kumbe ni mwanamke anacheka mpaka anatafuta pa kushika. “Uwi! Mimi mwaka juzi niliweka matatu nikaenda kupalilia! Walinipata nimekaa katikati ya mahindi, nashindwa kuinuka, nikawaambia napumzika!”

“Wewe pia?”

“Miaka minne sasa. Kichupa changu kiko kwa kopo la chumvi, baba Wycliffe hajui.” Akavuta pumzi. “Sasa nitamwambia. Na hawa watoto wetu waende wapimwe macho wote wawili, wiki hii, wasikuje kutuficha kama sisi. Unabonyezanga ile kona?”

“Nabonyeza.”

“Dakika ngapi?”

“Mbili.”

“Sawa. Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakuja, mwambie Senje aanze kuangalia kuku. Lakini hotuba, mama, utaisoma ukiwa umekaa. Wycliffe anasema mgongo bado unamuuma.”