Nilinakili Majina, Nikaacha Alama za Mizinga

Jamani, kosa lilikuwa langu peke yangu, wala siisingizii mvua!

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa chama cha wafuga nyuki kule Ugalla. Kijana, kalamu mfukoni, najiona msomi kweli! Kila mfugaji alichonga alama yake kwenye mizinga yake: huyu msalaba, yule mguu wa kanga. Daftari letu lilikuwa na majina, na mbele ya kila jina mchoro wa alama.

Nikaja na mpango mpya: namba za rangi kwenye kila mzinga! Nikawaambia wazee wazikwangue alama zote. Nikawaahidi kwamba mambo yakiharibika, nakala ya daftari ninayo.

Nakala gani? Nilinakili majina tu! Michoro niliona inanichelewesha. Daftari lenyewe nikawaachia wazee, wakasokotea tumbaku ukurasa kwa ukurasa.

Masika moja tu, rangi yote ikabanduka!

Msimu wa kurina nikawakuta porini Mzee Kasimba na shemeji yake, Mzee Lutonja, wanang'ang'ania mzinga mmoja uliojaa asali. Kila mtu na shoka lake.

"Karani, fungua nakala yako. Huu wa nani?"

Nikafungua. Majina yote mawili yamo. Kwenye mzinga kovu la alama iliyokwanguliwa linaonekana kwa mbali, lakini mchoro wa kulilinganisha nao sina. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Ndugu waliokula sahani moja wanataka kuumizana kwa uvivu wangu!

Aliyetuokoa ni mke wa Lutonja, dada yake Kasimba, aliyekuja na vibuyu vya asali. Aliitazama kamba ya mzinga, akacheka.

"Nyie wanaume! Fundo hili ni la kaka. Mume wangu hufunga mara mbili."

Mashoka yakashushwa. Adhabu yangu ikawa kuzunguka pori zima, fundo kwa fundo, kila mwenyewe akichonga alama upya na mimi nikichora, kwenye madaftari mawili. Nyuki hawakunihurumia! Siku ya harusi yangu, wiki hiyohiyo, jicho moja lilikuwa limevimba, mdomo kama andazi. Padri akamwuliza bibi harusi, "Mama, una hakika ni huyu?"

"Sauti ni yake, Baba."

Kanisa zima likaangua kicheko!

Nyie mnaobadilisha mambo maofisini, nawasihi: nakilini vyote, hata vile vinavyochosha mkono. Na kabla hujazitupa kumbukumbu za zamani, mpe mtu mwingine nakala yako, mwambie aende nayo porini akatafute mzinga mmoja tu. Akirudi hajauona, ujue bado hujanakili kitu!