Mnyororo Mlangoni

Tarehe 22 Desemba 1898, Ragna Tveiten, akiwa na miaka minane, alivutwa nje kupitia dirisha wakati shule ya kijiji chao huko Wisconsin, Marekani, ilipoungua katikati ya sherehe ya Krismasi. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani. Watu walipousonga kwa pamoja haukufunguka, na kaka yake Anders alifia hapo.

Tangu siku hiyo hajawahi kuketi katikati ya safu, kanisani wala darasani. Sasa ana miaka kumi na minane. Chuo kikuu amekuja kusomea ualimu wa muziki, na kwa kuwa ana mkono mzuri, wenzake wa mwaka wa kwanza walimpa kazi ya kupiga piano kwenye mchezo wao wa kuigiza. Ilimfaa. Piano iko chini ya jukwaa, karibu na mlango wa pembeni.

Jumamosi jioni ya mchezo, watu wakiwa wameshakaa, Ragna aligeuka kuutazama mlango mkubwa. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa pili huvamia mchezo wa wadogo zao. Ni desturi, na hata maprofesa huicheka. Mwaka jana walileta nguruwe. Safari hii Lowell Prentiss, mwenyekiti wa darasa lao la mwaka wa kwanza, ameapa hawapiti. Alikuwa akipitisha mnyororo kwenye vitasa vya mlango mkubwa. Akabana kufuli. Mlango wa pembeni nao tayari ulikuwa na wake.

Mbele ya Ragna taa za gesi za jukwaani zilikuwa zikifoka, na pazia la kitambaa likipepea karibu nazo. Alinusa moshi ambao haukuwapo.

Lowell alipopita, Ragna alimdaka mkono wa koti.

"Fungua milango."

"Ili wale wahuni waingie? Una wazimu?"

"Watu mia nne wamo humu, Lowell. Na taa zile pale."

"Zimewaka wiki nzima ya mazoezi ya mwisho, zimemla nani?" Alicheka. "Bi Tveiten, wewe ni wa piano. Piga piano."

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni mwangu, na hautoki."

"Jamani, tunaanza au tunalala?" mtu akapaza sauti kutoka safu za nyuma, na ukumbi mzima ukaanza kutwanga sakafu kwa miguu. Kwa kila kishindo Ragna alitazama pazia.

Bila wimbo wa kwanza pazia halipandi. Alifunga kifuniko cha piano, akailaza mikono juu yake.

Mwalimu wa maigizo, Bi Crandall, alitokeza kichwa pembeni mwa pazia. "Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mwalimu. Nitapiga milango ikifunguliwa."

"Tutayazungumza baada ya mchezo."

"Baada ya mchezo yatanisaidia nini?"

"Mchezo wa darasa zima unauua wewe peke yako!" Lowell alimfokea. "Miaka minne watu watakusema kwa hili. Minne!"

Ragna alijua ni kweli. Marafiki zake hawakuwa wengi, na wote walikuwa nyuma ya pazia lile.

"Fungua," akasema.

Bi Crandall alimtazama usoni, kisha akamnyooshea Lowell kiganja. Ufunguo ukatoka, na minyororo ya milango yote miwili ikafunguliwa.

Ragna alianza kupiga, akakosea mwanzo. Sehemu ya kwanza ilipita salama. Katikati ya sehemu ya pili mlango mkubwa ukasukumwa, wakamiminika vijana wenye kengele za ng'ombe na mifuko ya pilipili manga, wakaipeperusha hewani. Watu wakakohoa, wakapiga mayowe, wakakimbilia milango. Viti vilianguka. Sauti ile ile ya shule iliyoungua. Ragna alikumbatia mguu wa piano na kufumba macho.

Alipoyafumbua ukumbi ulikuwa umebaki na kofia, glavu na kiatu kimoja cha mtoto. Wote walikuwa nje kwenye theluji, wakipiga chafya na kutukanana. Hakuna aliyeumia. Taa za gesi ziliwaka kama kawaida.

"Hata cheche moja," Lowell alimwambia, machozi ya pilipili yakimtiririka. "Miezi mitatu ya mazoezi, na hata cheche moja hakuna, Tveiten."

Ragna aliinama akaokota kile kiatu cha mtoto.

Darasa limeshapiga kura. Mchezo utarudiwa Jumamosi ijayo, kwa mpiga piano mwingine, milango ikiwa na minyororo. Ragna atasimama nje, kwenye mlango mkubwa. Ameshaazima shoka.